Kicheko Kilichotangulia

Kanda ya kipindi cha vichekesho kilichorekodiwa Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1992 bado ipo kwenye maktaba ya redio, na kicheko cha kwanza kinachosikika humo, nusu pumzi kabla ya ukumbi mzima, ni cha mwanamke mmoja.

Wakati huo alikuwa mhudumu wa chai. Alikuwa akisukuma toroli la birika na vikombe kwenye korido iliyo nyuma ya ukumbi, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto. Jukwaani alikuwa mchekeshaji mkuu wa enzi hizo, aliyejulikana kwa jina la kazi la Bwana Suruali, akisimulia jinsi alivyojificha kabatini siku mkewe aliporudi nyumbani mapema. Watu ukumbini walikaa kama wanaosubiri kung'olewa jino. Mhudumu wa chai akaangua kicheko koridoni. Vichwa vikageuka, mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha ukumbi mzima ukalipuka. Mtayarishaji hakumkaripia. Jumamosi iliyofuata alimwekea kiti safu ya tatu, katikati, chini ya kipaza sauti kinachoning'inia kutoka darini.

Kazi hiyo haina cheo. Wafanyakazi wa redio huwaita watu hao viberiti, kwa kuwa wao huwasha na wengine huwaka. Zamani walikuwa watatu. Mmoja alihama, mwingine aliugua koo. Amebaki yeye, na pale redioni hakuna anayemwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Kiberiti. Ana umri wa miaka sitini na minne. Chai aliacha kuhudumia siku nyingi, lakini ukumbini hakosi Jumamosi.

Kanuni za kazi yake ni chache na kali. Kiberiti hacheki kuliko wengine, anacheka mwanzo. Hacheki juu ya neno, maana kipaza sauti kitameza neno na msikilizaji wa nyumbani atasikia kelele tu. Hachelewi, maana ukimya ukishakaa hautoki. Tena anatakiwa anyamaze kabla ya wenzake, ili kila mmoja atoke akiamini amecheka kwa hiari yake. Wachekeshaji wa zamani walimrahisishia. Bwana Suruali alikuwa akifika kwenye kilele anapandisha suruali. Mwingine alikanyaga sakafu. Mwingine alifumba macho na kupandisha sauti.

"Walikuwa wanakuonyesha mlango," anasema. "Wewe kazi yako kuufungua tu. Hawa wa siku hizi wanaongea kama mtu anayekuelekeza njia ya posta. Halafu wananyamaza. Unabaki hujui amemaliza au amesahau."

Ukimya ndio anaouogopa. Mwaka 2003 mchekeshaji mmoja, kijana mtanashati aliyekuja na koti jipya, alirekodi dakika kumi bila kupata hata mguno. Siku hiyo Mama Kiberiti hakuwepo. Alikuwa amempeleka mtoto hospitali. Kijana yule hakurudi tena kwenye jukwaa lolote. Leo anauza vigae kwenye duka kubwa la kona, ana mke, ana gari, na kwa maelezo ya kila anayemfahamu maisha yamemnyookea. Mama Kiberiti akifika karibu na duka hilo huvuka barabara.

Kwa hiyo binti yake wa mwisho alipomwambia, Jumapili moja asubuhi wakianika nguo uani, kwamba ameitwa kurekodi katika ukumbi uleule, jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa duka la vigae.

"Kurekodi nini?"

"Vichekesho, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye hata kwenye picha za harusi ya dada yako umenuna kama umelazimishwa?"

"Ndiyo maana wanacheka."

Binti ana miaka thelathini na moja. Kazi yake ni kusoma mita za maji: anaingia nyua za watu asubuhi akiwa na shati la buluu la idara, anafunua kifuniko, anaandika namba, anatoka. Kwa miaka miwili, jioni alizokuwa akimwambia mama yake kwamba ana darasa la kompyuta, alikuwa akienda kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja ambako vijana hupeana zamu ya kipaza sauti. Humo anajulikana kama Msoma Mita. Mtayarishaji mpya wa kipindi cha redio, aliyepewa kazi ya kukifufua kabla hakijafutwa, alimsikia huko. Nafasi ilikuwa moja, dakika kumi kila wiki, na waliofika mwisho walikuwa wawili: yeye na kijana mmoja anayeiga sauti za watu.

"Naomba kitu kimoja," binti alisema. "Siku yangu usiwashe."

"Nisiwashe?"

"Ukichekeshwa, cheka. Usipochekeshwa, kaa. Nataka nijue."

"Ujue nini?"

"Kama nachekesha, mama. Mimi mwenyewe. Na mtayarishaji asijue wewe ni nani kwangu."

Mama alikubali. Alisema "haya, mwanangu" na akabana shati kwenye kamba kwa vibanio vinne, shati ambalo lingetosheka na viwili.

Katika nyumba hiyo ya vyumba vitatu, watu wake hawajawahi kucheka kitu kimoja. Mume wa Mama Kiberiti alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini alisikiliza kipindi anachochekea mkewe, kila wiki, hadi mwisho, bila kukunjua uso. Akimaliza alikuwa na swali. "Kabati gani linaloingia mtu mzima na viatu vyake?" Hata kijiko kikianguka mezani, alichokiangusha mwenyewe, alitafuta wa kumlaumu. Mkewe aliamini kwamba ameolewa na mtu asiye na mshipa wa kucheka. Haikuwa hivyo. Mwaka mmoja jirani alinunua gari, akaliingiza uani kinyumenyume akiongozwa na wanaume watatu, mmoja kila upande na mmoja nyuma, wote wakipaza sauti "njoo, njoo, njoo," mpaka akaligonga geti lake mwenyewe. Fundi saa alicheka siku mbili. Alikuwa akiinua kioo cha kukuzia, anakishusha, anafuta machozi.

Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kushoto umelegea, saa hatengenezi tena, na maneno yanamtoka moja moja, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Binti hukaa naye jioni. Mama akiwa jikoni anawasikia wakicheka, binti kwa sauti, mzee kwa kukohoa. Akiingia wananyamaza.

"Kuna nini?"

"Hakuna, mama."

Hilo lilikuwa likimsumbua. Baada ya habari ya ukumbini lilimkosesha raha kabisa. Kitu gani kinawachekesha hawa wawili? Na kama yeye, aliyeishi kwa kucheka, hakioni, watu wa Jumamosi watakionaje?

Alienda kumwona fundi mitambo wa redio, mzee mwenzake anayeitwa na wote Masikio, akamwomba amwekee vipindi vya zamani kwenye simu. Alitaka kujipima. Akaketi kitandani mchana, mumewe amelala, akamsikiliza Bwana Suruali akisimulia habari ya shangazi mnene aliyekwama kwenye mlango wa basi. Alikumbuka siku ile vizuri. Alicheka hadi akaomba maji. Sasa alisubiri. Bwana Suruali akafika kileleni, kicheko cha kwanza kikasikika, kikali, cha mwanamke mwenye mapafu mazima, kisha ukumbi ukaporomoka. Yeye pale kitandani midomo haikusogea. Aliirudisha nyuma akasikiliza tena. Alimwonea huruma shangazi. Aliwaza nani alimsukuma kutoka nyuma.

"Nilitaka kumuuliza yule mwanamke anayecheka," anasema, "dada, nini kimekuchekesha?"

Angekuwa mtu wa kazi nyingine, hilo lingekuwa jambo dogo. Watu wanabadilika, nguo zinabana, chumvi inapunguzwa. Kwake lilikuwa kama dereva kugundua kwamba hasomi tena alama za barabarani. Vichekesho vya zamani vimemtoka na vipya havijamwingia. Atajuaje pa kucheka?

Ndipo alipoanza kusikiliza mlangoni.

Binti alifanyia mazoezi bafuni, kwa sababu vigae hurudisha sauti, bomba likiwa limefunguliwa kidogo. Mama alisimama koridoni na rundo la nguo mikononi, ili akikutwa awe anapita. Aliambiwa asiwashe, hakuambiwa asisikilize. Hayo alijiambia. Alisikia habari za mbwa, za wanaojificha chini ya meza, za mita. Hakuona pa kucheka. Kisha akasikia hili:

"Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana. Alikaa wiki tatu bila kusema neno. Nyumbani kwetu, aliyegundua ni daktari."

Bomba likaendelea kutiririka. Nguo zilimponyoka.

Alikuwepo. Asubuhi ile, mezani, kijiko kilipomdondoka mumewe, yeye ndiye aliyemshika begani kabla hajateleza kitini. Yeye ndiye aliyekimbia pekupeku kutafuta gari. Sasa mwanawe, bafuni, kwa sauti ya mtu anayesoma namba, anauambia ulimwengu kwamba nyumba ile haikumwona baba yake akinyamaza, maana nyumba ile ina mwanamke asiyenyamaza. Kichekesho alikielewa. Hicho alikielewa barabara.

Jioni alimkuta mumewe barazani.

"Amekwambia hayo maneno yake?"

Fundi saa akaitika kwa kichwa.

"Ya kiharusi?"

"Yote."

"Na umemkubalia akucheke mbele za watu?"

"Hanicheki... mimi." Akatafuta neno, akalipata. "Anaicheka... ile siku."

"Na mimi? Mimi sikugundua? Aligundua daktari?"

Mzee alianza kutafuta neno jingine. Mkewe hakulisubiri. Akaingia ndani.

Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko uchungu. Kwa siku zilizobaki aliendelea kusimama koridoni, akajifunza dakika kumi zile neno kwa neno, kama mtoto anayekariri majedwali asiyoyaelewa. Aliweka alama zake kichwani. Kwenye habari ya mbwa, subiri "uaminifu." Kwenye habari ya mita, subiri "imepona." Kwenye kiharusi, usiguse "neno", subiri "daktari." Hakuwa na nia ya kuwasha. Ahadi ni ahadi. Ilikuwa akiba tu, kama mambo yangeharibika.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Safu za mbele na za katikati walikaa wale wa siku zote, watu wazima wanaofika mapema na mito yao ya kukalia, waliozoea kuchekeshwa kwa kelele. Vijana wa chumba cha mgahawa walichelewa, wakapata viti vya nyuma kabisa, chini ya balkoni. Mtayarishaji alisimama pembeni na vifaa vya kusikilizia shingoni. Alimpitia Mama Kiberiti safu ya tatu, akainama.

"Shikamoo mama. Leo tuko pamoja?"

"Marahaba. Tuko pamoja."

"Wote wawili uwape sawa. Nisionekane nimependelea."

Aliitikia kwa kichwa.

Kijana wa kuiga sauti alitangulia. Aliiga mhubiri, mwalimu mkuu, mtangazaji wa mpira, mama anayeuza simu ya mwanawe. Safu za katikati zilivunjika mbavu. Mama Kiberiti aliwasha mara mbili za mwanzo tu, tena bila jasho. Kijana alikuwa anaonyesha mlango kama watu wa zamani.

Kisha akapanda binti yake, na shati la buluu la idara.

"Nasoma mita za maji," alianza. "Naingia kwa watu asubuhi, kabla hawajajiandaa kudanganya. Mbwa peke yake ndiye anayenipokea kwa uaminifu."

Chini ya balkoni walicheka. Katikati, kimya. Mzee mmoja kulia kwa Mama Kiberiti alimgeukia mwenzake: "Ameanza?"

"Kuna mama mmoja, kila mwezi ananiambia mita yake mbovu, inakimbia. Mwezi uliopita nimefunua, inasoma sifuri. Nikamtazama. Akaniambia, 'Unaona? Leo imepona.'"

Nyuma wakacheka tena, na sasa wachache wa pembeni. Katikati mtu alikohoa. Mama Kiberiti aliangalia juu, kwenye kipaza sauti kilichoning'inia karibu na paji lake la uso, na akaelewa kitu ambacho mtu mwingine yeyote ukumbini asingekiwaza. Vicheko vilikuwepo, lakini vilikuwa mbali. Kipaza sauti kilikuwa hapa, juu ya mikono iliyokunjwa na mito ya kukalia. Kwenye kanda, wale wa nyuma watasikika kama mvua kwenye bati la jirani. Kitakachosikika karibu ni kikohozi. Na wakuu watatu watakaoamua nani apewe dakika kumi hawakuwepo ukumbini. Wao watasikiliza kanda.

Binti aliendelea, kwa sauti ileile ya posta. Kwenye kila ukimya mama alimkumbuka yule kijana aliyekosa hata mguno. Aliona koti jipya la 2003. Aliona vigae. Alijua maneno yanayofuata. Alikuwa nayo mdomoni. Mara moja tu, alijiambia. Mahali pamoja. Niwashe pale, wataendelea wenyewe.

"Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana," binti alisema. "Alikaa wiki tatu bila kusema neno."

Ukumbi ulitulia. Mama akavuta pumzi.

"Nyumbani kwetu, aliyegundua si daktari..."

Akacheka.

Kilikuwa kicheko kizuri. Masikio, aliyekuwa nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, anasema ni miongoni mwa vilivyo bora alivyowahi kurekodi: cha wazi, cha duara, kisichokwaruza. Safu za katikati, zilizokuwa zimesubiri ruhusa muda wote ule, zikacheka naye. Watu zaidi ya mia wakamcheka mzee aliyenyamaza wiki tatu, sentensi ikiwa bado haijafika mwisho.

Jukwaani binti alikatizwa. Hakuwa amemaliza. Mama aliona midomo yake ikiwa wazi kwenye neno lililofuata, ndipo alipolisikia lile "si" ambalo masikio yake yaliliruka. Alijifunika mdomo kwa kiganja. Kicheko kikazunguka ukumbini bila mwenyewe, kikapungua, kikafa. Chini ya balkoni hakuna aliyecheka, walikuwa wanashangaa.

Binti aliteremsha macho hadi safu ya tatu.

"Bado, mama," alisema.

Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara. Nyuma mtu aliangua kicheko, akidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine wakafuata. Binti akasubiri wamalize, kisha akachukua sentensi yake pale ilipokuwa imeangukia.

"Aliyegundua ni mama. Asubuhi, mezani. Kijiko kilianguka, na baba hakumlaumu mtu."

Kilichofuata hakikuanzishwa na yeyote. Kilitoka sehemu tofauti, kwa nyakati tofauti. Mwanamke mmoja upande wa kushoto alicheka na kuacha ghafla, akashika mkono wa mumewe. Yule mzee wa kulia, aliyeuliza kama ameanza, alitingisha mabega taratibu, akaendelea hata wengine walipoacha. Wengi hawakucheka. Mama Kiberiti hakucheka. Alikuwa anakiona kijiko.

Baada ya watu kutoka, aliingia chumba cha mitambo bila kubisha hodi.

"Kikate," alimwambia Masikio.

"Hakikatiki, bibie. Umekaa juu ya neno. Nikikutoa wewe namtoa na yeye."

"Miaka yote hii sijawahi kukaa juu ya neno."

"Najua."

"Basi fanya kitu!"

Masikio alivua vifaa vya kusikilizia, akampa. Mama akajisikiliza: "si daktari, ali..." na kisha kicheko chake. Sauti ileile ya mwanamke aliyemcheka shangazi wa basi. Akavua haraka kana kwamba vimemwunguza.

Nyumbani hakupata karipio, na hilo lilimtesa zaidi. Binti alikula, akaosha vyombo, akasema amechoka. Kesho yake, wakiwa wawili jikoni, mama hakuweza kuvumilia tena.

"Ulibadilisha maneno."

Binti aliacha kisu juu ya ubao. "Ulijuaje maneno yangu?"

Hapo ndipo yote yalipotoka: korido, bomba, rundo la nguo, alama za kichwani. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Baba ndiye aliyebadilisha," alisema. "Siku moja kabla. Nilimfanyia yote, tukafika kwenye daktari, akaninyooshea kidole. Akasema, 'Uongo.' Nikamwambia, baba, ni kichekesho tu. Akasema, 'Mama yako. Kijiko.' Ilimchukua dakika nzima. Nikaona yake ni nzuri kuliko yangu."

Mama alikaa kwenye kigoda. Swali lake la barazani lilikuwa limejibiwa, ila jibu lilipitia kwa mtu mwingine.

"Umekasirika," alisema.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mama, usinipime."

Siku tatu zilizofuata Mama Kiberiti aliishi roho juu. Simu ikilia alitoka chumbani. Alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Alimuuliza mumewe mara kwa mara kama anaona watampa, na kila mara fundi saa aliinua bega la kulia, lile linaloinuka. Jumatano mchana mtayarishaji alipiga. Binti alikuwa ametoka kazini, bado na vumbi la nyua za watu kwenye viatu. Alisimama mlangoni na simu sikioni, mama akimtazama mdomo.

"Ndiyo... Ndiyo, ni mama yangu. Mzazi, ndiyo... Hapana. Hatukupanga." Akasikiliza upande wa pili. "Nitakupigia."

"Wamekunyima," mama alisema.

"Wamenipa."

"Wamekupa!"

"Na wewe."

Wakuu watatu walikuwa wamesikiliza kanda mara mbili. Mmoja hakuelewa kinachochekesha, mwingine alisema mkewe angekipenda, lakini wote watatu waliipenda ile "Bado, mama." Mtayarishaji alitaka iwe kila wiki. Mama akae palepale, acheke kabla ya wakati, binti amzuie. Watu wangekuwa wanaisubiri.

Mama alisimama. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya kuanika nguo. "Hilo naliweza. Niambie tu neno. Nitakaa juu yake kila wiki."

"Najua unaliweza."

"Sasa?"

"Sitaki, mama."

"Watakunyang'anya!"

"Wanaweza."

"Kwa kicheko kimoja? Mimi nimecheka maisha yangu yote kwa watu ambao hata salamu hawanipi. Nisikuchekee wewe?"

Binti alivua kiatu, akakikung'utia nje ya mlango. "Ulisikia walivyocheka kwenye kijiko?"

"Walikuwa wachache."

"Wachache. Lakini niliwasikia. Kila mmoja peke yake." Akavua cha pili. "Ukiwepo sitawasikia. Nitakusikia wewe."

Kutoka barazani fundi saa alikohoa kile kikohozi chake cha kicheko. Hakuna aliyejua kama alikuwa anawasikiliza au alikuwa ameona kitu barabarani. Mama alichungulia. Barabara ilikuwa tupu.

"Na wasipocheka?" aliuliza, akiwa bado ametazama nje. "Asianze mtu. Wakae hivyo hivyo. Utafanya nini?"

"Nitasubiri."

"Usubiri mpaka lini?"

Binti alichukua simu. Alimpigia mtayarishaji palepale, mama akiwa anasikia, akasema atakuja peke yake au hatakuja. Mtayarishaji aliomba muda, akarudi baada ya saa moja: miezi mitatu ya majaribio, bila ahadi ya zaidi. Kijana wa kuiga sauti naye amepewa sehemu fupi ya kufungua kipindi, na anahitaji mtu wa kumwanzia kicheko.

Kurekodi ni Jumamosi ijayo alasiri. Mama Kiberiti atamwashia yule kijana katika sehemu ya kwanza, kisha atanyanyuka na kutoka ukumbini kabla binti yake hajapanda jukwaani. Dakika kumi zile atazisikia Alhamisi, zitakaporushwa.